Nani Kabadilika, Mnywaji au Mgomba?

Nyuma ya jiko la baba yangu mdogo, huku Maruku mkoani Kagera, kuna mtumbwi ambao haujawahi kugusa maji ya ziwa. Umechongwa kwenye gogo moja, ni mrefu kuliko mtu aliyelala, nasi tunauita obwato, jina lilelile tunaloliitia chombo cha mvuvi. Siku nyingi za mwaka hulala kifudifudi, kuku wakijificha mvua chini yake. Siku ukigeuzwa, majirani hawahitaji kuambiwa.

Ndizi za kukamua hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, au zikapangwa darini juu ya jiko. Baada ya siku tano au sita zimeiva zote kwa pamoja. Humenywa, zikamwagwa mtumbwini pamoja na nyasi, na wanaume waliokwisha kunawa miguu huingia kuzikanyaga. Nyasi ndizo zinazofanya kazi ambayo mgeni haioni: hushika nyama ya ndizi ili maji yatoke peke yake. Kinachochujwa hapo ni kizito, kina rangi ya asali na utamu wa kukwaruza koo. Kisha huongezwa maji, mtama uliokaangwa na kusagwa hunyunyizwa juu, mtumbwi hufunikwa majani ya mgomba, watu wakaenda kulala. Hamira ya dukani haina nafasi hapa. Chachu hutoka kwenye mtama, hewani, na kwenye mbao zenyewe, ambazo zimenyweshwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu enzi za babu.

Mtumbwi huo mmoja hutoa vinywaji vitatu. Siku ya kukamua ni juisi, na hiyo ni ya watoto, wagonjwa, walokole na jirani zetu Waislamu; hakuna anayekatazwa. Kesho yake jioni ni rubisi yenyewe, utamu na ukali vikiwa bado vinagombana mdomoni. Keshokutwa utamu umeisha, imebaki chachu kavu inayokaza taya. Ikipita hapo kuna wanaoichukua kuikeneka kwa siri iwe enkonyagi, pombe kali, kwa kuwa hawana ruhusa ya sheria. Mtu akiishi maisha marefu hapa kijijini huzipitia siku hizo zote. Nilianza na ya kwanza nikiwa na miaka minne, nimekaa ujana wangu wote kwenye ya pili, na sasa najikuta naisubiri ya tatu. Baba mdogo, aliyenitangulia kwa miaka mingi, hataki nyingine.

Ni yeye aliyenipa swali la makala haya. Aliondoka Maruku akiwa kijana kwenda kutafuta kazi Mwanza, akarudi akiwa na mvi. Alipoletewa kibuyu chake cha kwanza baada ya kustaafu, alivuta mrija mara mbili, akautoa mdomoni, akasema kwamba hii si yenyewe. Tukacheka kwa upendo, tukamwambia ni ulimi wake uliozoea chupa. Leo naamini tulimkosea.

Ni kweli ulimi wake ulikuwa umesafiri. Alifika Mwanza wakati bia ya kiwanda ilikuwa ya serikali na chaguo lilikuwa fupi. Safari ilitoka mwaka 1977, na kwa wanaume wa rika lake hilo ndilo jina la bia ya utu uzima. Anakumbuka miaka ya themanini, bia ilipoadimika sawa na sabuni na sukari, ikawa mtu anapata kreti kwa kujuana. Mwaka 1993 serikali iliwaingiza Waafrika Kusini kwenye Kampuni ya Bia Tanzania, mitambo ikafufuka, na mwaka 1996 ikaja Kilimanjaro, nyepesi zaidi, ya kunywewa baridi. Mwaka huohuo Serengeti nayo ikaingia sokoni. Baba mdogo alihama kutoka Safari kwenda Kilimanjaro bila kujua alihama lini. Baadaye Kanda ya Ziwa ikaletewa Balimi, neno ambalo kwa Wasukuma maana yake wakulima, na akahamia huko pia, kwa sababu ya bei na kwa sababu wenzake wote mezani walikuwa wamehama.

Hivyo ndivyo ladha zinavyobadilika katika baa zetu. Sijawahi kuona mtu akikaa peke yake akaamua kuachana na bia aliyoizoea. Hufuata meza. Hufuata pia mfuko: huku Bukoba na Muleba msimu wa malipo ya kahawa chupa hujaa mezani, na malipo yakikauka watu hurudi kwenye dumu na kibuyu. Kwa nyumba nyingi chupa na kibuyu ni majira mawili ya mwaka mmoja, kama mvua na kiangazi. Na mhudumu wa Tanzania bado anauliza, baridi au moto? Wazee waliolelewa na rubisi ya mtumbwini hawajawahi kuelewa kwa nini kinywaji kigandishwe mpaka kisisikike ladha, na mimi nawaelewa.

Chupa ina nguvu yake, na tuitaje kwa haki. Bia hii ya rangi ya dhahabu ilizaliwa Plzeň, huko Bohemia, mwaka 1842, ikaenea dunia nzima kwa sababu moja kubwa: ya leo ni sawa na ya jana. Uchungu wake mdogo wa hopsi haupandi wala haushuki. Kwa mtu ambaye pombe ya nyumbani kwao hubadilika kila machweo, huo ulikuwa muujiza. Chupa ilikuwa pia heshima. Kwenye posa za siku hizi vibuyu vya rubisi bado vinahesabiwa, lakini macho ya wageni huenda kwenye kreti.

Sasa turudi kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, maana hapo ndipo jibu la baba mdogo lilipo.

Rubisi aliyoiacha alipoondoka ilikamuliwa kwa embiire. Hizi ni ndugu wa damu wa ndizi zetu za kupika. Ukiziona shambani bila kuzizoea utadhani ni ebitoke. Tofauti iko ndani. Nyama ya embiire ina utomvu wa kahawia na uchungu unaokausha ulimi, ule ule unaousikia kwenye chai nzito isiyo na maziwa. Hupiki embiire ukala kwa raha. Lakini uchungu huo ukiingia mtumbwini ukakutana na sukari na mtama, ndio unaoipa rubisi mfupa. Ndiyo ladha anayoitafuta mzee, na kwa miaka mingi hakuwa na jina la kuiitia.

Embiire hazikuondoka kwa sababu watu walizichoka. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huosha rutuba ya udongo wetu bila kupumzika. Kibanja chetu sisi Wahaya kilisimama kwa samadi. Ng'ombe walipopungua, udongo ukachoka. Kisha wakaja fukusi wa migomba, wanaotoboa kitako cha shina hadi mgomba unaanguka na mkungu wake, na minyoo isiyoonekana kwa macho inayokula mizizi. Baba zetu waliona mikungu ikipungua mwaka hadi mwaka. Wakapanda kilichokubali kusimama: kisubi na kainja, migomba ya kigeni inayovumilia udongo dhaifu. Zote mbili zina maji mengi na matamu. Zote mbili hazina ule uchungu.

Rubisi ikawa tamu zaidi, na hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Kizazi changu kilipofika umri wa kushika mrija, utamu huo ndio tuliojua kuwa ni rubisi. Tuliposikia wazee wakilalamika tulidhani wanalilia ujana wao.

Halafu mambo yakageuka tena. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo wa KCDP uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza Kagera machipukizi yapatayo milioni 2.5 ya migomba mipya. Miche yake ya mwanzo ilitoka maabara ya Leuven, na kituo cha utafiti cha hapa Maruku, ambacho leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kilikuwa katikati ya kazi hiyo. Zilikuja FHIA zilizozalishwa Honduras, mikungu mikubwa ya kumshinda mtu kubeba. Ikaja Yangambi kutoka Kongo. Njaa ilipata mpinzani, na yeyote aliyekuwa na watoto wa kulisha miaka ile hatazungumza vibaya juu ya FHIA. Watu walizipika, wakazila mbivu, wakajifunza pia kuzikamua. Mtumbwi ulipokea vyote.

Mwaka 2006 ukafika mnyauko wa bakteria. Ulikuwa umeonekana Uganda mwaka 2001, na kwetu ulianzia upande wa Muleba. Majani yananyauka kana kwamba yamebabuliwa, ndizi zinageuka njano kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Kainja ndiyo iliyoumia kuliko zote, kwa sababu ya umbile la ua lake: majani ya ua dume hudondoka na kuacha kidonda kibichi, nyuki na wadudu wengine wakifuata utomvu hupanda na ugonjwa. Panga la jirani likamalizia kazi. Niliona vibanja ambavyo mwaka mmoja vilikuwa na kainja za kujaza mitumbwi mitatu, mwaka wa pili vina mihogo.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Katika maisha ya mtu mmoja, kinywaji chenye jina moja, mtumbwi mmoja na mtama uleule, kimetengenezwa kwa embiire, kikatengenezwa kwa kisubi na kainja, na sasa kwa mchanganyiko wowote unaopatikana. Baba mdogo alihama bia mara mbili akiwa Mwanza, na huku nyuma rubisi nayo ilihama mara mbili bila kumpa taarifa.

Jambo hili linaniuma, kwa kuwa viwanda vyenyewe vinatembea kuelekea tulikotoka. Uganda walianza kutengeneza Eagle ya mtama mwaka 2002, Kenya wakatoa Senator mwaka 2004, zote zikimlenga mnywaji wa pombe ya kienyeji. Arusha kuna kampuni inayofunga pombe ya ndizi kwenye chupa tangu miaka ya 1990. Na Wabelgiji haohao waliotutumia miche wana pombe yao ya lambic, inayochachuliwa kwa vijidudu vya hewani pembezoni mwa Brussels, chachu kama rubisi ya siku ya tatu. Katika karne iliyopita nusura iuawe na bia nyepesi na vinywaji vitamu. Leo watu huifuata kutoka ng'ambo ya bahari. Wao waliokoa watengenezaji. Sisi inabidi tuanze na mgomba, kwa kuwa hakuna fundi wa mtumbwi awezaye kurudisha ladha ambayo shamba halinayo.

Nawaomba watafiti wa Maruku, ambao najivunia kuishi jirani nao, kwamba wanapopima mgomba kwa uzito wa mkungu na uvumilivu wa magonjwa, wampe pia mkamuaji nafasi ya kusema kitu. Nawaomba wenye vibanja waache shina moja la embiire karibu na nyumba, samadi inapofika kwa urahisi. Watu wanaosema vijana hawataipenda wanasahau kwamba hawajawahi kuwapa.

Baba mdogo amekwisha kuanza. Shina lake alilipata kwa shemeji yake upande wa Kanyigo, na aliligharimia kibuyu na nauli. Juzi asubuhi nilimkuta chini ya mkungu wake wa kwanza, ameshika mti mrefu wenye panda. Aliupandisha taratibu, akalinasa ua dume kwenye panda, akazungusha hadi likakatika, bila panga, kama walivyofundishwa wakati wa mnyauko. Akaliokota, akalichana kwa kidole, akaninyooshea utomvu wa kahawia niuone. Nikauonja. Ulikausha ulimi wangu wote, naye akasimama ananitazama usoni, akisubiri.