Maji Maangavu Yanayoua Samaki

Shule ipatapo tangi la kioo la kufugia samaki, kwa kawaida huoshwa, hujazwa maji ya bomba, na perege hutiwa humo siku hiyo hiyo. Kwa siku kadhaa mambo huwa mema. Kisha, maji yakiwa bado maangavu, samaki huanza kupanda juu wakitweta, na hufa mmoja baada ya mwingine. Lawama humwangukia mwanafunzi wa zamu ya chakula, ambaye pengine hana hatia kubwa.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza. Ziwani sumu hiyo hutawanyika katika maji mengi. Katika tangi la lita 60 haina pa kwenda. Ukali wake hutegemea pH. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, maji yakiwa na pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hukaribia asilimia 5, na kwenye pH 9 huzidi theluthi moja. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH inayokaribia 9, hana nafasi ya kukosea.

Wanaoiondoa sumu hii ni bakteria. Baadhi huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Nitriti nayo ni hatari: huizuia damu kubeba oksijeni, hata ikageuka rangi ya hudhurungi. Vitabu vingi vya zamani huitaja Nitrobacter katika hatua ya pili, lakini imedhihirika kwamba katika matangi kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira. Na mwaka 2015 ilitangazwa kuwa baadhi ya Nitrospira hukamilisha hatua zote mbili peke yao.

Tatizo ni kwamba bakteria hao huongezeka polepole mno. Tangi huhitaji majuma 4 hadi 6 kukomaa. Maji ya bomba yaachwe wazi kwa siku nzima ili klorini itoke (kloramini, inayotumika katika baadhi ya miji, haitoki hivyo, huhitaji dawa ya kuiondoa). Kisha pampu ya hewa iendeshwe, na chembe chache za chakula zitiwe kila siku pasipo samaki. Konzi ya changarawe kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima hufupisha muda huo sana.

Darasa lipime maji kila baada ya siku mbili na kuchora grafu: amonia hupanda na kushuka, nitriti huifuata, hatimaye nitrati huongezeka. Amonia na nitriti zikishafika sifuri, watiwe samaki wawili au watatu tu. Nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha robo ya maji kila juma.

Changarawe isioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya bomba, hata siku ya ukaguzi wa maabara. Isuuzwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini humo, kwa kuwa bakteria wamejishika juu ya mawe hayo.