Dada, hicho kidude hakimgusi mtoto!

Kinadada wa Dodoma, wiki hii tuongee bila kuoneana haya. Mimba ya kwanza ina mikwara yake. Unachukia harufu ya vitunguu, unatamani udongo, na kliniki unakuta foleni tangu asubuhi. Unapimwa uzito, presha, damu, mpaka hapo poa. Kasheshe inaanza nesi akikuuliza: "Umewahi kupimwa shingo ya kizazi?"

Hapo wengi wanaruka kama waliokanyaga moto. "Mimba yenyewe changa, nikichokonolewa ikatoka je?" Shosti naye anakutia hofu, mama mkwe anapigilia msumari.

Asikudanganye mtu. Shingo ya kizazi ni mlango wa mfuko wa uzazi. Mtoto yuko ndani, mlango umefungwa, na kipimo kinaishia nje. Unalala kitandani, nesi anaingiza kidude chenye umbo la mdomo wa bata ili aone vizuri. Anapaka siki nyepesi kwa pamba, anasubiri dakika 1 hivi. Penye hitilafu panageuka peupe. Majibu unapewa papo hapo. Kuna na kipimo cha Pap, chenye jina la daktari Mgiriki George Papanicolaou: hapo zinakwanguliwa chembe kidogo, zinapelekwa maabara.

Kipimo hakitoi mimba. Matone machache ya damu yanaweza kuonekana, maana wakati wa ujauzito sehemu hiyo inajaa damu zaidi. Damu ikiwa nyingi, au ikitoka tu bila sababu, usikae nyumbani ukisikilizia. Wahi hospitali.

Cha muhimu, mwambie nesi una mimba na ni ya miezi mingapi. Vituo vingine vitakupima, vingine vitakwambia urudi ukishajifungua. Usinune, ni utaratibu wao. Lakini wengi wakishajifungua ndiyo basi tena! Mtoto anapelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mama anamsindikiza tu. Safari hizo hizo, ulizia na kipimo chako.

Je, wakikuta peupe? Usianze kuandika wosia. Mara nyingi huo si ugonjwa wenyewe, ni dalili za mwanzo tu. Kwa kawaida hugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, na mjamzito husubirishwa mpaka ajifungue. Saratani hii inakwenda taratibu, kwa kawaida miaka 15 mpaka 20, ila kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa 5 mpaka 10. Ndiyo maana anayeishi na virusi vya ukimwi asisubiri. Wakishuku saratani yenyewe, hapo hakuna kungoja. Utapewa rufaa kwa mabingwa, na hapa Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Jingine ni soo la ndoa. Chanzo ni kirusi kiitwacho HPV, kinachosambazwa kwa kujamiiana, na Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuligundua hilo. Sasa mume akisikia hivyo anawaka: "Umekitoa wapi?" Shemeji, tulia. Kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Hakuna daktari anayeweza kukwambia nani alikileta, wala lini. Badala ya kumtimua mke, msindikize kliniki.

Na msione tunatia chumvi. Kwa makadirio ya kimataifa, zaidi ya wanawake 10,000 Tanzania hupata saratani hii kwa mwaka. Hakuna saratani inayowaua wanawake wengi zaidi hapa nchini. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wote waanze kupimwa wakifika miaka 30, na wenye virusi vya ukimwi miaka 25. Usingoje maumivu, mwanzoni hauumi. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, usingoje umri wowote.

Mjamzito hapewi chanjo ya HPV, lakini mdogo wako anaihitaji. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi 1 kwa wa miaka 9 mpaka 14.

Kwa hiyo dada, ukiulizwa swali lile tena, usiruke. Uliza maswali yako yote, kisha uamue mwenyewe. Mama mkwe tutamwelewesha taratibu. Tukutane wiki ijayo!