Bili ya intaneti uliyoikata zamani: Uliza kabla ya kulipa

Ni mambo machache yanayovuruga amani ya nyumba kama dai la deni lisilotarajiwa. Karo ya watoto imelipwa kwa taabu, mbolea bado haijanunuliwa, mara simu inalia. Ni ujumbe kutoka kwa watu wasiojulikana, wakisema kwamba mwenye nyumba anadaiwa maelfu ya shilingi kwa huduma ya intaneti ambayo yeye mwenyewe anakumbuka vyema kuwa aliikata miaka mingi iliyopita. Anapewa siku saba. Asipolipa, anaambiwa, jina lake litapelekwa kwa CRB na madalali watamtembelea.

Hapo ndipo wengi huteleza. Wako wanaoogopa na kukimbilia kulipa, wakisema dawa ya deni ni kulipa. Wako pia wanaoufuta ujumbe huo na kuendelea na shughuli zao. Njia zote mbili zina hatari. Wahenga waliponena kuhusu dawa ya deni, walimaanisha deni la kweli. Hawakusema kwamba kila karatasi inayodai pesa ni deni.

Wazee wa Nyanza Kusini wanakumbuka enzi za Shirika la Posta na Simu, wakati bili ya simu ilipofika kupitia sanduku la posta, na mwenye kuipinga alilazimika kufunga safari hadi afisi za shirika. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1999, likazaa kampuni ya Telkom Kenya, Shirika la Posta na Tume ya Mawasiliano. Baadaye vikaja vyumba vya intaneti, ambavyo wengi huviita saiba. Baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, na simu za kisasa kuenea, intaneti iliingia majumbani na madukani, kuanzia Isebania mpakani hadi Awendo, Rongo, Oyugis na Mbita. Wateja wakawa wengi, na wengi wao wamehama nyumba, wamefunga biashara au wamebadilisha kampuni. Nyuma yao zimebaki akaunti ambazo pengine hazikufungwa kamwe.

Bili ya mzimu hutoka wapi?

Kwanza msomaji afahamu tofauti ya huduma mbili. Kuna ile unayolipia kabla ya kutumia. Hiyo hukatika yenyewe usipolipa, na kwa kawaida haiachi deni. Kuna ile unayotumia kwanza na kulipa mwisho wa mwezi. Hii ya pili huendelea kuhesabiwa mpaka kampuni iandike katika vitabu vyake kwamba mteja ameondoka.

Chukua mfano wa mwalimu aliyekuwa akifundisha Migori, akahamishiwa Mbita mwanzoni mwa mwaka 2018. Kabla ya kufunga mizigo alipitia kwa wakala aliyemwunganishia intaneti, akamwambia kwamba anahama, akamwachia ruta na kuaga. Wakala akasema, "Hakuna shida, mwalimu." Mwalimu akaridhika. Lakini iwapo wakala hakupeleka habari kwa kampuni, kompyuta ya kampuni haijui lolote kuhusu kuaga huko. Itaendelea kuandika bili mwezi baada ya mwezi, ilhali mwalimu yuko kando ya ziwa na huduma hiyo haitumii.

Sababu nyingine ni ruta ambayo haikuandikwa kwamba imerudishwa, au mwezi mmoja wa notisi ambao mkataba uliudai na mteja hakuambiwa. Aidha, kampuni inaweza kubadilisha mitambo yake ya hesabu, au kuyakabidhi madeni yake ya zamani kwa wakusanyaji. Wakusanyaji hao hupewa orodha ya majina na kiasi cha pesa. Aghalabu hawana mkataba, wala hawajui mteja alimwambia nini wakala.

Hatari ya 'kidogo cha kuwanyamazisha'

Mkusanyaji hodari hatakuomba pesa zote. Atakwambia kwa upole, "Mama, tuma hata mia tano tu, tuonyeshe kwamba una nia njema." Mtu mwenye haya zake huona kwamba mia tano si kitu, bora apate usingizi.

Kumbe hapo ndipo mtego ulipo. Sheria ya Kenya kuhusu muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, humpa anayedai deni la mkataba miaka 6 kuanzia siku lilipostahili kulipwa. Muda huo ukipita, mdaiwa ana kinga mahakamani. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, miaka 6 huanza kuhesabiwa upya. Mia tano ya kununua usingizi yaweza kulifufua deni lililokuwa limekwisha kufa.

Turudi kwa mwalimu wetu. Kama kweli alibakisha bili ya Januari 2018, kampuni ilikuwa na muda hadi mapema mwaka 2024 kumshtaki. Bili za miezi iliyofuata kuhama kwake ni jambo jingine. Huenda baadhi yake hazijatimiza miaka 6, lakini hizo atazipinga kwa hoja kwamba mkataba ulikwisha na hakuna huduma aliyopewa. Hivyo basi, asichanganye mambo haya mawili, na asilipe hata senti kabla ya kuyatenganisha.

Jambo moja zaidi: kinga ya muda haijitokezi yenyewe. Mtu akishtakiwa, ni lazima aitaje katika utetezi wake. Akinyamaza, mahakama inaweza kutoa uamuzi dhidi yake.

Anayedai ndiye wa kuthibitisha

Wengi hudhani kwamba ni kazi yao kuthibitisha kuwa hawadaiwi. La hasha! Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inamtaka anayedai kuthibitisha dai lake. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji, kulindwa kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na huduma mbovu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika. Simu haitoshi, kwa maana maneno ya simu hupeperuka. Tuma barua pepe kwa kampuni yenyewe na nakala kwa wakusanyaji, au peleka barua kwa mkono ukiwa na nakala mbili, moja igongwe mhuri na urudi nayo nyumbani. Barua yenyewe haihitaji wakili. Inaweza kuwa hivi:

"Nimepokea dai lenu la tarehe fulani. Silikubali deni hili. Nilikata huduma tarehe fulani na kurudisha ruta kwa wakala wenu. Naomba mnipe kwa maandishi nakala ya mkataba, hesabu ya kila mwezi mnaodai, na ushahidi kwamba huduma ilitumika baada ya tarehe hiyo. Maadamu ninalipinga deni hili, naomba msipeleke jina langu kwa CRB. Barua hii si kukiri deni lolote."

Pamoja na barua hiyo, tafuta vielelezo. Taarifa ya M-Pesa itaonyesha siku uliyolipa kampuni hiyo mara ya mwisho. Barua ya uhamisho kutoka kwa mwajiri, stakabadhi ya kodi ya nyumba mpya, au ujumbe wa zamani kati yako na wakala, vyote vina uzito. Hata risiti za kampuni nyingine uliyohamia zinaonyesha kwamba hukuwa na haja ya kulipia intaneti mbili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, tuwe waungwana. Ikiwa hesabu itaonyesha kwamba kweli ulibakisha mwezi mmoja, na bado muda wake haujapita, lipa mwezi huo peke yake. Lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, kisha udai barua inayosema kwamba akaunti imefungwa na hakuna salio.

Wasipokusikia

Kampuni ikikataa kujibu, mlango wa pili ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, iliyochukua nafasi ya ile Tume mwaka 2014. Kanuni za mwaka 2010 za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zinazitaka kampuni ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Mamlaka itataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana ile nakala yenye mhuri ina thamani. Mkazi wa Homa Bay au Migori hahitaji kwenda Nairobi kwa shughuli hii, kwa kuwa malalamiko hupokewa kwa barua pepe.

Kuhusu CRB, wasiwasi wa watu una msingi. Kijana anayetafuta kazi serikalini aghalabu hutakiwa kuleta cheti kutoka huko, na mkopo wa kununulia injini ya mashua au kupanulia duka unaweza kukwama kwa sababu ya alama moja mbaya. Lakini kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Iagize, uisome, na ukikuta deni usilolitambua, lipinge kwa maandishi katika shirika hilo hilo. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kutaka habari za uongo kukuhusu zirekebishwe. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka kuyachunguza na kuyamaliza kwa siku 90.

Je, madalali? Kwa deni la kawaida kama hili, lisilo na rehani, hakuna dalali anayeweza kubeba viti vyako bila amri ya mahakama. Polisi nao hawana kazi ya kukusanya bili. Barua ya mkusanyaji, hata iandikwe kwa wino mwekundu, si samansi. Samansi hutoka mahakamani, ikiwa na nambari ya kesi na mhuri. Hiyo usiipuuze kamwe. Jibu katika muda uliotajwa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuyaamua kwa siku 60. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Wajane na wazazi wazee

Dai kama hili likimfikia asiyetia sahihi mkataba, huwa zito zaidi. Kijana aliunganisha intaneti nyumbani kwa wazazi kule Ndhiwa, kisha akaenda kutafuta kazi mjini. Au baba amefariki, na ujumbe unaingia katika simu yake ambayo sasa inashikwa na mama. Mama anaona aibu, asije akasemwa kwamba mzee aliacha madeni, naye anauza mbuzi kimyakimya.

Mama asifanye haraka. Deni la marehemu, likiwa la kweli, hudaiwa katika mali aliyoacha, kupitia kwa msimamizi wa urithi. Si deni la mjane kwa sababu tu aliolewa naye. Kadhalika mzazi hawajibiki kwa mkataba wa mwanawe mtu mzima, ila kama yeye mwenyewe alitia sahihi. Watoto walioko Nairobi na Kisumu wawaambie wazazi mapema: ukipata ujumbe wa deni, usitume pesa, nipigie simu kwanza.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Karibu kila boma lina sanduku au mkoba unaohifadhi hati ya shamba, vyeti vya shule na kadi za kliniki. Siku utakapokata huduma yoyote, andika barua, chukua jibu, na uiweke karatasi hiyo humo pamoja na stakabadhi ya ruta. Ikae humo miaka 6, na zaidi ya hapo kama nafasi ipo.