Ajali haina kinga, lakini msafiri ana bima

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Kauli hii ndiyo ninayojibiwa aghalabu ninapowauliza walimu wenzangu na wanafunzi wanaojiandaa kwenda ng'ambo iwapo wamenunua bima ya safari. Wengi huitoa kama hoja ya kumaliza mjadala: ikiwa ajali haina kinga, bima ni ya nini?

Hoja hiyo ina kasoro ya kilugha kabla ya kuwa na kasoro ya kiuchumi. Neno ajali lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni muda aliowekewa kiumbe, yaani siku yake ya kufa. Mhenga alisema kuwa siku hiyo ikifika haizuiliki. Hakusema kwamba mgonjwa aliye mbali na kwao asilipiwe hospitali, wala kwamba jamaa za marehemu waachiwe madeni. Neno bima nalo lilitufikia kupitia lugha za Bara Hindi, na chanzo chake huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Bima haidai kuizuia ajali. Ni mapatano ambayo kwayo hofu ya mmoja hugawanywa kwa wengi, ili gharama isimwangukie mtu mmoja kwa siku moja.

Hebu tuchukue mfano ulio karibu na taaluma yetu. Wataalamu wa Kiswahili hukutana kila mwaka katika kongamano la Bayreuth, nchini Ujerumani. Mwalimu wa Kenya anayetaka kuhudhuria hana budi kuomba viza ya Schengen. Kanuni ya viza iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2009 inamtaka awe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua yuro 30,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya. Bima hiyo sharti itambuliwe katika nchi zote za eneo hilo, ambazo sasa ni 29, na idumu kwa siku zote atakazokuwa huko. Ni lazima igharamie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo.

Marekani nayo ina masharti yake. Wanaokwenda huko kwa viza ya J-1, wakiwamo walimu chipukizi wanaofundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, wametakiwa tangu mwaka wa 2015 kuwa na bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na dola 25,000 za kusafirisha maiti. Wapo wafadhili wanaoitoa bima hiyo wenyewe, na wapo wanaomwachia msafiri aitafute.

Ni bayana kuwa masharti haya yamewafanya wengi kununua bima. Hata hivyo, yamezaa pia mazoea mabaya. Msafiri humwendea wakala, akaomba karatasi ya bei nafuu kuliko zote, akaibandika kwenye fomu za viza, kisha akaisahau. Amenunua bima ya kumridhisha karani wa ubalozi. Ilhali karani huyo ataisoma hati kwa dakika moja tu, akitafuta tarehe na kiwango. Msomaji wa pili wa hati hiyo ni msafiri mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, au mkewe, au mzazi wake aliyepigiwa simu usiku. Huyo ndiye anayepasa kufikiriwa siku ya kununua.

Sisi Wakenya tunayo bima yetu ya jadi, nayo ni mchango. Mwenzetu akiugua au akifa ugenini, kamati huundwa, simu hupigwa, na fedha zikaanza kutiririka. Siudharau utu huo hata kidogo. Lakini mchango huanza baada ya msiba, na hutegemea wingi wa jamaa na hali ya mifuko yao mwezi huo. Mwenye marafiki wengi husafirishwa upesi, na asiye nao hulala katika chumba cha maiti cha ugenini huku watu wake wakihesabu shilingi. Bima ni mchango uliotolewa mapema, na hauulizi mtu ana jamaa wangapi.

Je, bima hiyo inunuliwe vipi? Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nitamshauri msomaji ausome mkataba kama matini, na atafute maneno matatu madogo yanayobeba uzito wote: hadi, isipokuwa na iwapo.

Neno hadi huweka kikomo. Hati ikisema itagharamia matibabu hadi kiasi fulani, haikuahidi kiasi hicho, imeahidi kutokivuka. Gharama ikizidi hapo, tofauti ni ya mgonjwa. Kuna kikomo cha chini pia, yaani sehemu ya kwanza ya hasara ambayo msafiri hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Kwa wenye viza ya J-1 sehemu hiyo haitakiwi kuzidi dola 500. Bima nyingi za bei ya chini huficha unafuu wake hapa.

Neno isipokuwa ndilo lenye mitego mingi. Baada yake hutajwa mambo yasiyolipwa, na ukurasa huo ndio ningependa usomwe kwanza. Aghalabu utakuta maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya safari, kama vile kisukari au shinikizo la damu. Majeraha yaliyotokana na ulevi. Ujauzito ukifikia miezi fulani. Na michezo ya hatari kama kupanda milima. Mwenye maradhi ya kudumu asiyafiche anapojaza fomu. Akiyaficha, kampuni ina sababu ya kulikataa dai lake lote. Ayataje, aulize nyongeza ya malipo ni ngapi, na jibu alipate kwa maandishi. Aangalie vilevile neno dharura, kwa kuwa bima ya dharura haitamlipia uchunguzi aliokuwa ameuahirisha tangu nyumbani.

Neno iwapo hutaja wajibu wa msafiri. Kampuni italipa iwapo ilipigiwa simu mapema kupitia nambari ya dharura, pengine kabla ya mgonjwa kulazwa. Italipa mzigo ulioibwa iwapo polisi walipewa taarifa, mara nyingi katika muda wa saa 24, na cheti chao kikahifadhiwa. Mzigo ukipotea katika ndege, taarifa iandikwe na shirika la ndege kabla ya kuondoka uwanjani. Stakabadhi zote zitunzwe. Nambari ya dharura na nambari ya hati ziandikwe kwenye karatasi iliyo mfukoni, na nakala iachwe kwa mtu wa nyumbani, maana simu nayo huibwa.

Kuhusu wakati wa kununua, ni vyema bima ilipiwe pindi tu tikiti inapolipiwa. Sehemu inayofidia safari iliyovunjika kwa ugonjwa au msiba haina faida kwa aliyenunua usiku wa kuamkia safari. Ulizeni pia iwapo fedha hurejeshwa endapo viza itanyimwa. Siku zihesabiwe tangu kuondoka hadi kurudi, pamoja na siku chache za akiba, kwa kuwa ndege huchelewa. Fauka ya hayo, kampuni iwe miongoni mwa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo huchapisha orodha ya kampuni zenye leseni. Na mtu asidhani kuwa kadi ya matibabu anayoitumia Nairobi au Kisumu itafanya kazi Bayreuth, aulize kwanza.

Sitailaumu jamii peke yake. Mikataba hii huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, sentensi moja ikijaza nusu ukurasa, hata msomi huishia kutia sahihi bila kuelewa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu anachokinunua. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, naona kampuni za bima zina deni kwetu: hati ya Kiswahili sanifu na chepesi, yenye orodha ya yasiyolipwa katika ukurasa wa kwanza. Nasi walimu tunaweza kuanza darasani. Mkataba wa bima ni zoezi zuri la ufahamu na la tafsiri, na mwanafunzi aliyeujadili hatauogopa atakapoukuta kaunta.

Husemwa kwamba kampuni za bima hazilipi. Wapo wanaodhulumiwa, na malalamiko yao yafikishwe kwa Mamlaka hiyo. Lakini dai linapokataliwa, jambo la kwanza kampuni itakalofungua ni hati ile ile iliyotiwa sahihi. Katika bima, msomaji, liandikwalo ndilo liwalo. Basi lisome kabla hujapanda ndege.