Akiba ya Mwanachama ni Dhima ya Chama

Wanafunzi wa fasihi hulijua neno dhima kwa maana ya kazi: dhima ya methali, dhima ya msimulizi. Wahasibu hulitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na asili yake ya Kiarabu, yaani jukumu lililo juu ya mtu, hasa deni analopaswa kulilipa. Maana hiyo niliipuuza mpaka nilipochaguliwa mweka hazina wa chama kidogo cha walimu.

Tulikuwa wanachama 40, kila mmoja akiweka shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka ulipokwisha tulikuwa na akiba ya shilingi 960,000. Tulikuwa tumekopeshana 600,000, na riba ya 60,000 imekwisha kulipwa. Takwimu zote nilizitia mimi mwenyewe katika programu ya uhasibu ambayo kamati ilikuwa imeinunua kwa mbwembwe nyingi, na kila mchango niliuandika chini ya mapato. Kompyuta haikulalamika. Pande mbili za leja zilikuwa sawa, na faida, ikasema, ni shilingi 1,020,000. Tukagawana 300,000 kabla ya Krismasi. Mnamo Januari walimu 10 walihamishwa, wakadai akiba zao, jumla 240,000. Katika benki mlikuwa na 120,000.

Msomaji atauliza, kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika neno akiba. Neno hili lina tabia ya viwakilishi vya nafsi: maana yake hubadilika kulingana na msemaji. Mwanachama akisema "akiba yangu," anataja mali yake. Chama kikiitaja akiba hiyo hiyo, kinataja dhima, kwa kuwa siku moja kitairudisha. Mkopo nao hugeuka kinyume: kwa mkopaji ni dhima, kwa chama ni mali. Kwa hiyo mali yetu ilikuwa 720,000, yaani fedha za benki pamoja na mikopo, ilhali dhima ilikuwa 960,000. Faida ya kweli ilikuwa ile riba tu.

Utaratibu wa kuuandika kila muamala mara mbili, ambao mtawa Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494, ndio uliomo ndani ya programu hizi hadi leo. Huhakikisha kwamba pande mbili zinalingana, wala hauwezi kujua kama umeliweka jambo mahali pake. Katika isimu tungesema sentensi imetimiza sarufi, ila ni ya uongo.

Tulifungua akaunti ya amana za wanachama upande wa dhima, tukaihamishia michango yote, na sasa twalinganisha leja na taarifa ya benki kila mwezi. Kisha tukaombana kurudisha shilingi 6,000 kwa kila aliyepokea 7,500. Waliohama walikatwa katika akiba zao. Wenzetu wawili hawajarudisha bado. Majina yao yamo katika orodha ya mali.