Mapangaboi ya nyuzi za kaboni kwenye ndege nyuki za kamera: kinachobadilika katika anga ya Mwanza

MWANZA – Wamiliki wa ndege nyuki za kamera, maarufu kama droni, wanaokusudia kuondoa mapangaboi ya plastiki yaliyokuja na vyombo vyao na kufunga yale ya nyuzi za kaboni, wanapaswa kufahamu mambo mawili kabla ya kutoa fedha zao. La kwanza ni kwamba badiliko hilo lina faida, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa na wauzaji. La pili ni kwamba pangaboi gumu zaidi ni hatari zaidi kwa mkono, uso na jicho la mtu aliye karibu, na wajibu wa kumlinda mtu huyo unabaki kwa mwendeshaji.

Jiji la Mwanza si mgeni wa teknolojia hii. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya kampuni ya Wingcopter, katika mradi wa majaribio uliozishirikisha pia DHL na shirika la maendeleo la Ujerumani la GIZ, ilisafirisha dawa kutoka Mwanza hadi Kisiwa cha Ukerewe. Umbali wa kilomita 60 juu ya maji ulikatwa kwa wastani wa dakika 40, ilhali safari ya barabara ni ya kilomita 240 na huchukua takribani saa sita. Oktoba mwaka huohuo jiji likawa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, mkutano na maonesho ya ndege hizo yaliyoungwa mkono na Serikali pamoja na Benki ya Dunia. Tangu hapo, vyombo vidogo vya kupigia picha vimekuwa jambo la kawaida katika harusi, mashindano ya mitumbwi na kazi za ujenzi.

Ndege ndogo ya kamera huruka kwa kusukuma hewa chini. Hewa ikiwa nzito, pangaboi hupata cha kushika; ikiwa nyepesi, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, mchana wenye joto la kawaida, hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Hivyo pangaboi lililozunguka mara 6,000 kwa dakika pale Kigamboni litahitaji kuzunguka karibu mara 6,400 pale Kirumba ili chombo kielee angani bila kushuka. Nguvu inayotolewa na betri nayo hupanda kwa asilimia sita au saba. Betri iliyodumu dakika 25 pwani itadumu dakika 23 na nusu hivi kando ya ziwa, hata kama upepo umetulia.

Hapo ndipo ugumu wa kaboni unapoleta maana. Pangaboi la plastiki linapozungushwa kwa kasi kubwa au chombo kinapopanda ghafla, ncha zake hujipinda kidogo na ule mwinamo uliokusudiwa na mtengenezaji hupotea. Nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa resini hazijipindi kiasi hicho. Aidha, pangaboi la kaboni lililotengenezwa vizuri huweza kuwa jepesi kuliko la plastiki lenye umbo lilelile, kwa hiyo mota huongeza au kupunguza kasi yake upesi na chombo hujirekebisha mapema upepo unapokipiga. Faida hiyo huonekana zaidi alasiri, wakati upepo wa kutoka ziwani unapovuma kuelekea nchi kavu.

Hata hivyo, umbo ni muhimu kuliko malighafi. Mapangaboi yanayotolewa na watengenezaji wakubwa wa droni yamechongwa kwa uangalifu mwingi, na mengi ya kaboni yanayouzwa kwa bei nafuu ni mazito, yana kingo butu na mwinamo usiolingana. Mengine si ya kaboni kamwe, bali ni plastiki nyeusi iliyochapwa mistari ya kuiga msuko. Mnunuzi wa namna hiyo hulipa zaidi na kupungukiwa dakika za kuruka.

Kipimo cha kweli ni usawa. Pangaboi likiwa na upande mmoja mzito kuliko mwingine, hata kwa sehemu ndogo ya gramu, hutikisa chombo chote. Kamera nyingi za droni husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na mtikisiko huo hufanya nguzo na kuta zionekane zikicheza kama zinatazamwa kupitia maji. Plastiki humeza sehemu ya mtikisiko. Kaboni huupeleka moja kwa moja kwenye mota, kwenye fremu na hatimaye kwenye kamera. Kwa sababu hiyo, anayefunga kaboni bila kupima usawa anaweza kupata picha mbaya kuliko za awali. Upimaji si mgumu: pangaboi huwekwa kwenye ekseli nyembamba inayozunguka bila kukwama, na upande unaoshuka ndio mzito. Upande mwepesi huongezewa kipande kidogo cha utepe wa gundi. Wapo wanaokwangua upande mzito kwa msasa, lakini vumbi la kaboni hudhuru mapafu na huwasha ngozi. Barakoa na glavu ni lazima.

Zipo namba za kuzingatia pia. Maandishi kama 9450 kwenye pangaboi humaanisha kipenyo cha inchi 9.4 na mwinamo wa inchi 5.0. Kuweka kipenyo au mwinamo mkubwa zaidi huipa mota mzigo ambao haikuundwa kuubeba, na mota huchemka. Katika chombo chenye mota nne, mapangaboi mawili huzunguka kwa mwelekeo wa saa na mawili kinyume chake. Yakichanganywa, chombo hupinduka pale pale kinapojaribu kupaa.

Kuhusu usalama, plastiki ina tabia njema ambayo haisifiwi vya kutosha. Ikigonga tawi hujikunja au hukatika, na mota husalimika. Ikichoka, hutoa alama nyeupe mahali ilipopinda, nayo ni ishara ya kuitupa. Kaboni haitoi ishara hiyo. Tabaka zake huweza kuachana ndani huku uso ukiendelea kung'aa, kisha pangaboi likavunjika angani siku nyingine kabisa. Kwa droni iliyo juu ya uwanja wa mpira, hilo ni anguko kwenye majani. Kwa iliyo kati ya Mwanza na kivuko cha Kamanga, chombo, kamera na picha zote huishia majini. Na ikiwa juu ya sitaha ya kivuko, wako abiria chini yake. Pangaboi lolote la kaboni lililogonga kitu litupwe, hata kama halionyeshi mkwaruzo.

Baada ya kubadilisha, safari ya kwanza isifanyike juu ya ziwa wala karibu na watu. Chombo kielee kwenye eneo la wazi, kimo cha mita mbili, kwa dakika chache. Kisha kishushwe, kizimwe, na mota ziguswe moja moja. Inayowaka kuliko nyingine ina kasoro. Ikumbukwe pia kwamba vihisi vya chini vinavyokisaidia chombo kutulia huchanganyikiwa na mawimbi, hivyo chombo kilichotulia imara ardhini huweza kuyumba kikifika majini.

Kubadilisha mapangaboi hakumwondolei mmiliki wajibu wowote wa kisheria. Matumizi ya ndege hizi nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kwa kanuni za mwaka 2018, na kibali huambatana na ridhaa ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Wakazi wa Mwanza wana mambo mawili ya ziada ya kuangalia: uwanja wa ndege ulio Ilemela, kando kabisa ya ziwa, na Kisiwa cha Saanane, ambacho ingawa kiko karibu na katikati ya jiji ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA. Mpiga picha anayesimama Capri Point na kuielekeza droni yake kisiwani anahitaji ruhusa ya hifadhi kabla ya kuirusha.

Kwa kazi za harusini na mikutanoni, ambako watoto hukimbilia chombo kinapotua, inafaa mapangaboi ya plastiki yarudishwe na vikinga vyake vifungwe, na ya kaboni yatunzwe kwa kazi za upepo mkali mbali na watu.