Punda akivimba mguu: mitishamba inasaidia wapi, na inadanganya wapi



Punda akichechemea, maji hayafiki nyumbani. Mama na watoto ndio watakaobeba madumu mgongoni mpaka apone. Kwa hiyo wengi wetu humpaka dawa jioni, na akionekana nafuu asubuhi tunampakia mzigo. Hapo ndipo punda wengi huharibika mguu moja kwa moja.

Kano ni ule uzi mweupe mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Unaujua, ndio unaokushinda kutafuna kwenye nyama ya muundi. Nyuma ya mguu wa mbele wa punda, chini ya goti, kano ndefu zinashuka mpaka kwatoni, na kila anapokanyaga zinavutika kwa uzito wake pamoja na wa madumu. Mzigo ukizidi, akiteleza kwenye mawe, au kamba ya kumfungia ikimkaza, nyuzi ndogo za ndani hukatika. Mahali hapo huvimba na kupata joto.

Kabla ya kutafuta dawa, hakikisha ni kano. Inua kwato kwanza utazame kama kuna mwiba, jiwe au usaha, maana mara nyingi kuchechemea kunaanzia huko. Kisha pitisha mkono nyuma ya mguu na ulinganishe na mguu wa pili. Ukikuta joto na uvimbe, na punda anavuta mguu ukiminya, ni kano. Kwa ng'ombe kuna jambo la hatari zaidi: ndama au mtamba aliyenona akichechemea ghafla, paja au bega limevimba na linalia kama majani makavu ukilibonyeza, hicho ni chambavu. Mwite afisa mifugo saa hiyohiyo. Hakuna mti unaotibu chambavu.

Kwa kano, siku 2 au 3 za kwanza dawa ni baridi. Zungushia mguu kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 20, mara 3 kwa siku. Kama maji ni ya shida, yakinge kwenye beseni uyatumie tena. Usichue wala usipake kitu cha moto siku hizo, kwa sababu joto huzidisha uvimbe.

Baada ya hapo mitishamba ina nafasi yake. Manjano ndiyo iliyochunguzwa sana. Katika maabara, kiini chake cha rangi kimeonekana kupunguza uvimbe kwenye chembe hai za kano. Lakini chembe iliyo kwenye chupa si punda. Kiini hicho hakiyeyuki vizuri kwenye maji, na kikiliwa kingi hutoka na kinyesi. Ukitaka kukitumia, changanya unga wa manjano na mafuta ya kupikia, uchue taratibu kuelekea juu. Sehemu ya nafuu utakayoiona ni ya mkono wako unaochua. Mafuta ya mbarika pia yanafaa kuchulia, ila mbegu zake ni sumu. Zisiachwe karibu na mifugo wala watoto. Utomvu wa mnyaa usiupake kabisa. Unaunguza ngozi, na ukiingia machoni unaweza kupofusha, ya punda au yako.

Pilipili ndiyo inayodanganya kuliko zote. Huchoma kwanza, kisha hutia ganzi, na punda anakanyaga kama mzima. Katika Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yalipofanyika Hong Kong, farasi wanne walitolewa baada ya kupimwa na kukutwa na kiini cha pilipili. Wenye farasi wa thamani kubwa wanakatazwa, sisi tunajipakia wenyewe! Maumivu ndiyo yanayomzuia punda asiikate kano iliyobaki. Ukiyaondoa, usimwondoe kwenye mapumziko.

Kuchoma mguu kwa chuma cha moto nako hakuimarishi kano. Kunaongeza kidonda tu.

Kano hupona polepole kwa sababu damu inayoifikia ni kidogo, na panapopona hubaki kovu lisilovutika kama zamani. Mkwaruzo mdogo unahitaji wiki kadhaa. Kano iliyochanika huchukua miezi 6 hadi mwaka. Mwache karibu na boma, penye tambarare, mpaka joto na uvimbe viishe. Kisha atembee bila mzigo, mwendo mfupi, ukiongeza kidogo kila wiki. Akianza kazi tena, aanze na dumu moja dogo kila upande. Usiku huo pima mguu kwa mkono. Ukirudi joto, mpumzishe tena.

Wakati huo azima punda wa jirani, au mpeane zamu ya kisima. Na kama baada ya siku 5 bado hakanyagi, au kifundo kimelegea hadi kinakaribia kugusa ardhi, usiongeze dawa ya mti. Mwite mtaalamu wa mifugo.